Kichupa kipya, dripu ile ile: Denmark ilivyohamisha wagonjwa wa baridi yabisi kwenye bayosimila

Mwaka 2015, mgonjwa wa baridi yabisi nchini Denmark aliyekwenda kliniki kupata dripu yake ya infliximab alikuta karibu kila kitu kiko kama alivyokiacha wiki nane zilizopita. Nesi alichukua kichupa cha unga wa miligramu 100, akaingiza mililita 10 za maji ya sindano, akakizungusha taratibu mkononi bila kukitikisa, maana protini haitaki kutikiswa, halafu akakiacha kitulie dakika chache povu lishuke. Kisha dawa ikaingia kwenye mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 250, na mgonjwa akakaa saa mbili inatiririka.

Kilichokuwa kigeni ni jina kwenye kichupa. Kwa miaka lilikuwa Remicade. Sasa liliandikwa Remsima, nakala yake kutoka kiwanda cha Celltrion cha Korea Kusini. Mgonjwa hakuwa ameomba kubadilishiwa, wala hali yake haikuwa imeharibika. Miongozo ya taifa iliyotoka mwaka huo ilisema wanaotumia infliximab wote wahamishwe, waliotulia na wasiotulia, na sababu ilitajwa bila kuzungushwa: bei.

Kisa hiki kina faida moja kubwa kwa anayetaka kujifunza. Denmark ina DANBIO, daftari la taifa la wagonjwa wa viungo wanaotumia dawa za kibayolojia, linaloandikwa tangu mwaka 2000. Mgonjwa akifika kliniki hujibu kwanza maswali kwenye skrini ya kugusa pale anaposubiri, kisha daktari anaongeza ya kwake. Kwa hiyo serikali ilipotoa agizo, wagonjwa walikuwa tayari wanahesabiwa. Nchi nyingi hubadili dawa kwanza, kisha huanza kujiuliza zitapimaje matokeo.

Kabla ya takwimu, maneno mawili kuhusu dawa yenyewe. Infliximab ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Kazi yake ni kuikamata TNF, protini ambayo mwili huitumia kupiga mbiu ya uvimbe, na ambayo kwa mwenye baridi yabisi hupigwa usiku na mchana bila adui yeyote kuonekana. Etanercept, dawa nyingine tutakayokutana nayo mbele, nayo huikamata TNF ile ile kwa umbo tofauti kidogo. Hizi si dawa za kuchanganywa kwenye pipa la kemikali kama panadoli. Hufugwa. Seli hai zilizopandikizwa jeni huwekwa kwenye matangi, zikalishwa, zikatunzwa joto lake, nazo zinatoa protini, ambayo baadaye husafishwa hatua kwa hatua. Protini hiyo hubeba minyororo ya sukari mgongoni, na minyororo hiyo haifanani sawasawa hata kati ya tangi moja na lingine la kiwanda kimoja.

Ndiyo maana hataza ya dawa hizi inapoisha, anayetengeneza nakala hawezi kuiita jeneriki. Huitwa bayosimila: inayofanana sana na ile ya kwanza, ikathibitishwa kwa vipimo vya maabara na kwa majaribio ya wagonjwa kwamba tofauti zilizobaki hazina uzito hospitalini. (Kiswahili kinatutega kidogo hapa. Ukisema "dawa asilia" msomaji anawaza muarobaini, kwa hiyo ile ya kwanza nitaiita dawa anzilishi.) Remsima ilipata kibali cha Umoja wa Ulaya Septemba 2013, ikiwa bayosimila ya kwanza ya kingamwili kupita huko. Jaribio lake kubwa kwa wenye baridi yabisi lilikuwa na wagonjwa 606. Kufikia wiki ya 30, waliopata nafuu ya kiwango kilichowekwa walikuwa asilimia 60.9 kwa bayosimila na 58.6 kwa dawa anzilishi.

Lakini wengi wa wale 606 walikuwa hawajawahi kuonja infliximab. Swali la Denmark lilikuwa jingine. Mtu ametulia kwenye dawa moja kwa miaka; ukimtoa hapo, je, atayumba?

Waliohamishwa na kufuatiliwa na DANBIO walikuwa 802. Wenye baridi yabisi walikuwa 403, wenye uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo 279, na wenye uvimbe wa viungo unaoambatana na ngozi ya soriasisi 120. Nusu yao walikuwa wameshatumia Remicade kwa karibu miaka saba au zaidi. Hawa si watu wa kujaribujaribu. Ni watu walioshapoteza dawa nyingine kabla ya kufika hapo, na ambao, kama sisi tunavyosema, wanaamini zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Ugonjwa wao ulipimwa miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada ya kubadilishiwa. Haukuwa umesogea. Kama takwimu zingeishia hapo, kisa kingekuwa kifupi.

Ndani ya mwaka mmoja na zaidi kidogo, 132 kati ya 802 waliacha Remsima. Sabini na mmoja kati yao walisema haifanyi kazi tena, na 37 waliacha kwa madhara. Je, 132 ni wengi? Huwezi kujua mpaka uwe na cha kulinganisha, na hapa ndipo Denmark ilipojibana yenyewe: ilimhamisha kila mtu, kwa hiyo hakubaki mgonjwa wa kulinganishwa naye. Watafiti wakarudi nyuma kwenye daftari, wakachukua waliokuwa kwenye Remicade mwanzoni mwa mwaka 2014, kabla ya agizo, wakatazama nao walidumu kiasi gani.

Kwa hesabu ya moja kwa moja, asilimia 84.1 ya waliohamishwa walikuwa bado kwenye dawa baada ya mwaka, na asilimia 86.2 ya wale wa 2014. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Watafiti waliposawazisha umri, jinsia, aina ya ugonjwa na mengineyo, ikawa 83.4 kwa 86.8, na sasa takwimu zikasema pengine si bahati. Nimewahi kuona watu wakigombana juu ya hesabu hii, kila mmoja akichukua mstari wake: mwenye kuuza bayosimila anataja wa kwanza, mwenye kuuza dawa anzilishi anataja wa pili. Wote wawili wanasoma ukurasa mmoja.

Mimi naisoma hivi. Katika kila wagonjwa 100, watatu zaidi waliacha dawa kuliko ilivyotarajiwa, ilhali vipimo vya ugonjwa kwa jumla havikupanda. Hao watatu ndio kisa chenyewe.

Ili kuwaelewa, tazama jinsi baridi yabisi inavyopimwa. Kipimo cha kawaida huitwa DAS28. Daktari hupitia viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo vya vidole, magoti. Hubonyeza kila kimoja kwa kidole gumba mpaka ukucha wake mwenyewe ugeuke mweupe, kisha anauliza: panauma? Huhesabu vinavyouma, halafu vilivyovimba. Anaongeza kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe. Mwisho, mgonjwa anaweka alama kwenye mstari wa milimita 100 kuonyesha anavyojisikia kwa jumla. Vinne hivyo huingia kwenye fomula moja, na ndani ya fomula idadi ya viungo vinavyouma ina uzito mara mbili ya idadi ya vilivyovimba.

Damu haijui jina la kichupa. Kiungo kilichovimba nacho hakisomi lebo. Mwenye kiungo, ndiye anayesoma. Akiambiwa kwamba dawa yake imebadilishwa ili hospitali iokoe fedha, asubuhi ile vidole vikikaza kidogo, jambo ambalo lilimtokea hata zamani akalipuuza, safari hii ana wa kumlaumu. Madaktari hulijua hili kwa jina la nosebo, ndugu mbaya wa plasebo: kutarajia mabaya kunakuletea maumivu ya kweli kabisa. Nasisitiza ni ya kweli. Mgonjwa huyu hadanganyi wala hadeki, na anayemwambia "ni mawazo yako tu" anastahili kukosa mgonjwa.

Ushahidi wa hilo ulionekana vizuri Uholanzi, ambako wagonjwa 222 waliokuwa kwenye Remicade waliombwa wahame na 192 wakakubali. Katika miezi sita, asilimia 24 waliacha bayosimila, na wengi wao wakarudishwa kwenye Remicade. Robo ya watu! Lakini wastani wa DAS28 kwa wenye baridi yabisi ulibaki 2.2 kabla na 2.2 baada. Kiasi cha dawa kwenye damu kilibaki pale pale, na kingamwili za kuipinga dawa hazikuongezeka. Walioacha walilalamikia zaidi maumivu na hali ya jumla, yaani vile vipande vya kipimo vinavyotoka mdomoni mwa mgonjwa.

Kuna jaribio lililofanywa kwa namna ambayo Denmark haikuweza. Norway, kwa fedha za serikali yake, iligawa wagonjwa 482 kwa kura, nusu wabaki, nusu wahame, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Baada ya wiki 52, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 26.2 ya waliobaki na 29.6 ya waliohama, tofauti iliyo ndani ya mpaka wa pointi 15 za asilimia uliokuwa umewekwa tangu mwanzo. Jaribio lilichanganya magonjwa sita, na ukichungulia wenye baridi yabisi peke yao, waliobaki ndio waliozidiwa mara nyingi kidogo kuliko waliohama. Walikuwa wachache, 77 tu, nisingejenga nyumba juu ya idadi hiyo. Ila angalia tena ile 26.2. Ni watu ambao hawakubadilishiwa chochote. Karibu mmoja kati ya wanne alizidiwa ndani ya mwaka akiwa kwenye dawa yake ile ile, kwa sababu ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Katika kliniki isiyo na kura, kila anayezidiwa baada ya kubadilishiwa ataamini kwamba bayosimila ndiyo iliyomfanya hivyo.

Turudi Denmark. Mwaka 2016 ikafika zamu ya etanercept. Dawa anzilishi ni Enbrel, ambayo mgonjwa hujichoma mwenyewe nyumbani, mara nyingi miligramu 50 kwa wiki. Bayosimila iliyoingia ni Benepali ya Samsung Bioepis, iliyopata kibali cha Ulaya Januari mwaka huo. Safari hii si wote waliohama. Kati ya 2,061, waliohama ni 1,621, na 440 wakabaki. Wengine walibaki kwa sababu ya kawaida kabisa: walikuwa kwenye dozi ya miligramu 25 au kwenye unga wa kuchanganya, na Benepali wakati ule ilikuja kwenye sindano ya 50 peke yake. Wengine daktari aliona heri wasiguswe.

Matokeo ya mwaka mmoja, baada ya kusawazisha: waliohama asilimia 83 walikuwa bado kwenye dawa. Kundi la zamani la Enbrel, la kabla ya bayosimila kuingia, asilimia 90. Na wale waliobaki kwenye Enbrel wakati wenzao wanahama? Asilimia 77.

Hapo pana fundisho zuri la jinsi ya kudanganywa na takwimu. Ukilinganisha 83 na 77, utatangaza kwamba Benepali ni bora kuliko Enbrel. Ukilinganisha 83 na 90, utatangaza kwamba ni mbaya. Dawa ni zile zile, daftari ni moja. Kilichotofautiana ni nani aliingizwa kundi gani. Wale 440 walichaguliwa wabaki, na inaelekea walikuwa na sababu za kubaki ambazo pia ni sababu za kuacha dawa: ugonjwa usiotulia, au dozi inayobadilishwabadilishwa. Na kundi la zamani liliishi katika miaka ambayo hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba dawa yake ina mbadala wa bei nafuu. Si Benepali peke yake iliyoingia kliniki mwaka 2016. Mazungumzo kuhusu bei nayo yaliingia.

Daftari lilionyesha jingine: waliohama wakiwa wametulia walidumu kuliko waliohama wakiwa bado wanaumwa. Na 120 wa waliohama, asilimia 7, walirudi kwenye Enbrel. Mimi nisingewahesabu kama hasara. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi, wakautumia, wakaendelea na matibabu. Mpango usio na mlango huo ndio ungenitia wasiwasi.

Wenye kuogopa bayosimila husema kila siku kwamba dawa anzilishi haijawahi kubadilika, na hili sharti lijibiwe. Si kweli. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha vipimo vya chupa za Enbrel zilizonunuliwa sokoni kwa nyakati tofauti, wakakuta minyororo ya sukari imebadilika waziwazi kati ya chupa za mwanzo na za baadaye. Kiwanda kikirekebisha utengenezaji wake, mamlaka hukagua na kuruhusu, na dawa inaendelea kuuzwa kwa jina lile lile. Wagonjwa walihamishwa kutoka Enbrel ya jana kwenda Enbrel ya leo bila barua wala mkutano, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kalamu ya sindano ilikuwa na rangi ile ile.

Kalamu nayo ina habari yake. Kifuniko cha sindano ya Enbrel kilikuwa na mpira wa lateksi, cha Benepali hakina. Katika jaribio la awali la Benepali, waliovimba au kuwashwa pale walipochoma walikuwa asilimia 3.7, na kwa Enbrel 17.2. Yaani mgonjwa anayehamishwa kwa hofu anaweza kukuta ngozi yake imepumzika. Ukimwambia mapema hilo, pamoja na mabaya, umemtendea haki. Ukimwambia tu "tunakupa ya bei nafuu", umempa sumu ya nosebo kwa kijiko.

Waholanzi walijifunza. Walipofika kwenye etanercept, hospitali maalumu ya viungo ya Sint Maartenskliniek iliandaa watu wake kabla ya wagonjwa: daktari, nesi na mfamasia wakafundishwa kusema neno moja, barua ikatumwa nyumbani, na mgonjwa mwenye malalamiko akajua wa kumpigia. Walioombwa walikuwa 635, waliokubali 625. Baada ya miezi sita, asilimia 90 walikuwa bado kwenye bayosimila, dhidi ya 92 ya kundi la zamani. Tofauti ndogo ilibaki, sitaificha. Lakini kutoka robo ya watu kuacha hadi mmoja kati ya kumi, kiungo kikubwa kilichoongezwa ni namna ya kusema, ingawa dawa nayo ilikuwa tofauti na njia ya kuichoma pia.

Fedha? Norway, kwenye zabuni ya 2015, ilipewa bayosimila ya infliximab kwa punguzo la asilimia 69. Denmark ilipofika kwenye adalimumab, kingamwili nyingine inayoikamata TNF, mwishoni mwa 2018, gharama ya dawa hiyo ilishuka kwa asilimia 82.8 kati ya Septemba na Desemba. Kwa nchi ambayo mgonjwa halipii dawa hizi hospitalini, fedha hiyo hurudi kwenye bajeti ile ile inayomhudumia yeye, na hoja ya kuhama inaeleweka hata kwa asiyeipenda.

Kwetu Afrika Mashariki swali limekaa upande mwingine. Mgonjwa wa baridi yabisi wa Mwanza au Kisumu kwa kawaida yuko kwenye methotrekseti na prednisoloni, na dawa ya kibayolojia ni kitu anachokisikia. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumab na wenzake kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, bayosimila zikiwemo, na dawa hizi zikifika zitafika nyingi kama bayosimila tangu siku ya kwanza. Hapatakuwa na kuhama wala kumbukumbu ya kichupa cha zamani. Cha kuogopa ni kifua kikuu: kuizima TNF kunaweza kuamsha vimelea vilivyolala mwilini kwa miaka, na hilo dawa anzilishi na bayosimila hulifanya sawasawa. Anayeanzishiwa apimwe kwanza. Halafu kuna friji. Kalamu ya nyuzi 2 hadi 8 ikisafiri na basi la usiku kwenye mfuko wa plastiki, ikafika haina nguvu, lawama itaangukia neno "bayosimila".

Hiyo adalimumab ya 2018 iliacha fumbo lake. Wagonjwa 1,318 walitolewa kwenye Humira, dawa anzilishi yake, na kwa kutegemea eneo analoishi mtu, 623 walipewa Hyrimoz na 695 wakapewa Imraldi. Zote bayosimila, zote kwa agizo moja, kwa hofu ile ile na mazungumzo yale yale. Baada ya mwaka, asilimia 89.5 walikuwa bado kwenye Hyrimoz na 84.2 kwenye Imraldi. Hapa nosebo peke yake haitoshi kueleza, maana kila upande ulikuwa na yake. Protini inalenga TNF ile ile, ila chumvi na viambato vilivyomo kwenye maji yake si vile vile, kalamu hazibonyezwi kwa namna moja, na sindano moja inaweza kuwasha kuliko nyingine kwa sekunde kumi ambazo mgonjwa anazikumbuka kila baada ya wiki mbili.